Sejibrashi uani: mwongozo kamili wa kupanda kichaka cha nyika kavu ya magharibi ya Marekani kwa ajili ya ndege na wadudu

Ukitoka Boise kwa gari kuelekea Twin Falls, nyumba za mwisho zikishaisha unaingia kwenye nyika ya kijivu isiyo na mti hata mmoja. Wengi wetu tuliofika Idaho kutoka kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Kakuma au Nakivale tuliitazama mara ya kwanza kupitia kioo tukaona ni ardhi iliyochoka. Mimi niliiona hivyo kwa miaka miwili. Siku niliyoshuka nikachuma kijitawi na kukisugua kiganjani, harufu ya kafuri iliyonipanda puani ilinirudisha moja kwa moja kwenye leleshwa ya Gilgil na Naivasha. Rangi ile ile ya majivu, harufu ya karibu sana, na hata kwa wataalamu wa mimea ni ndugu: vyote viwili ni vya familia ya alizeti.

Kichaka hicho kwa Kiingereza ni "sagebrush", na hapa nitakiita sejibrashi. Jina lake la kitaalamu ni Artemisia tridentata, maana yake mwenye meno matatu. Chukua jani moja ulitazame kwa karibu: ni dogo, refu kidogo kuliko kucha, limechongoka kama kabari, na ncha yake imekatwa meno matatu kamili. Limefunikwa vinyweleo vyeupe laini, na ndivyo vinavyolipa rangi ya fedha na kulizuia lisipoteze maji.

Neno Artemisia litawashtua wengine. Ndiyo, ni ukoo mmoja na ile artemisia inayolimwa Afrika Mashariki kwa ajili ya dawa ya malaria, lakini ile ni Artemisia annua. Sejibrashi haina kazi hiyo. Mama mmoja wa Uvira, jirani yangu, aliniomba majani achemshe chai nikamkatalia, na ninakuomba na wewe usiinywe. Ina mafuta makali ambayo hata wanyama wengi hawayawezi.

Mwongozo huu ni kwa mwenye ua katika nchi ya asili ya kichaka hiki: kusini mwa Idaho, Nevada, Utah, mashariki mwa Oregon na Washington, Wyoming, na sehemu za Montana na Colorado. Ukiishi Ohio, au Portland kwenye mvua, tafuta kichaka cha asili cha huko kwako.

Kwa nini ujisumbue

Nyika hii imebaki karibu nusu ya ilivyokuwa. Mashamba yamechukua sehemu, miji imechukua sehemu, na sasa moto ndio unaomaliza. Mwishoni mwa karne ya 19 iliingia nyasi kutoka Ulaya na Asia iitwayo chitigrasi, Bromus tectorum. Inaota mapema, inakauka kabla majira ya joto hayajakolea, kisha inashika moto kama karatasi. Sejibrashi yetu hii, ambayo huitwa sejibrashi kubwa, ikiungua haichipui tena kutoka kwenye kisiki. Inabidi ianze upya kutoka mbegu, na chitigrasi inakuwa imeshawahi.

Inasemekana zaidi ya aina 350 za mimea na wanyama wanaitegemea nyika hii. Mashuhuri kuliko wote ni seji-grausi, ndege mkubwa mwenye umbo la kanga, ambaye wakati wa baridi chakula chake ni majani ya sejibrashi na karibu hakuna kingine. Yupo pia sungura mdogo sana anayeyala msimu wote wa theluji. Seji-grausi hatakuja uani kwako, kwa sababu anahitaji nyika ya maili na maili. Watakaokuja ni shomoro wa aina nyingi, ndege wanaojificha humo baridi ikiuma, tombo wenye kishungi, mijusi, nyuki wa porini na buibui wasiohesabika. Januari kichaka kingine chochote uani kikiwa vijiti vitupu, hiki bado kina majani. Chini yake theluji ni nyembamba, na asubuhi utakuta nyayo ndogo zimezunguka shina.

Watu wa Shoshone na Paiute, wenyeji wa asili wa nyika hii, waliishi na kichaka hiki tangu zamani sana. Mwaka 1938 mwanaakiolojia Luther Cressman alifukua kandambili nyingi katika pango la Fort Rock, Oregon, zilizosukwa kwa magome ya sejibrashi. Zimepimwa zikaonekana zina zaidi ya miaka 9,000. Vuta gome la kichaka kizee utaelewa walivyofanya: linatoka kwa ukanda mrefu kama ukambaa.

Jua unapanda aina gani

Sejibrashi kubwa ina namna tatu kuu, na kukosea hapa kunakugharimu miaka.

Namna ya kwanza, tridentata, ni ya mabonde yenye udongo wenye kina. Hufika mita 2 na zaidi, hivyo ni ya kona ya nyuma ya ua, siyo kando ya njia. Ya pili, wyomingensis, ni ya ardhi kavu na isiyo na kina. Haizidi mita 1 kwa kawaida, inakua taratibu, na kwa ua mwingi wa mjini Boise ndiyo ninayoipendelea. Ya tatu, vaseyana, ni ya milimani kwenye theluji nyingi, na harufu yake ina utamu fulani. Kuna pia binamu yao, Artemisia cana, anayevumilia bondeni penye unyevu wa majira ya kuchipua. Kama ua wako unatuama maji kidogo mwezi wa tatu na wa nne, mchague huyo.

Ukiwa na kichaka usichokijua, jaribu hili usiku pamoja na watoto. Ponda majani machache ndani ya glasi ya maji safi, zima taa, halafu mulika kwa kurunzi ya mwanga wa zambarau, ile ya kukagulia noti bandia. Maji ya sejibrashi ya milimani yanawaka samawati kali. Ya hizo mbili nyingine yanabaki hafifu.

Dukani soma kibandiko hadi jina la Kilatini. Mimi mwaka wa kwanza niliuziwa kichaka cha majani ya fedha na maua ya zambarau, nikaambiwa ni sejibrashi ya hapa. Kilikuwa mmea wa Asia ya Kati. Si mmea mbaya, ila ndege niliokuwa nawasubiri hawakuwa na haja nao. Nenda kwenye kitalu cha mimea ya asili, na uulize mbegu zilitoka wapi. Mche wa mbegu za mkoa wako unaijua baridi ya mkoa wako. Wanachama wa Idaho Native Plant Society hukusaidia kwa moyo ukiwauliza, na ukitaka kuviona vichaka vilivyokomaa kabla ya kununua, tembelea Idaho Botanical Garden pale Boise.

Usiende nyikani kung'oa kichaka. Mzizi wake mkuu umeshuka mbali, utaukata, na kitakufa mikononi mwako.

Mahali pa kupanda

Inataka jua la kutwa nzima. Kwenye kivuli inarefuka, inalala, inaoza.

Halafu pima jinsi maji yanavyopita. Chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, yaache yaishe, ujaze tena. Yakiwa yamebaki hadi kesho yake asubuhi, hapo hapafai kama palivyo. Inua tuta la sentimita 30 hadi 45 kwa udongo ule ule wa ua uliochanganywa na changarawe, upande juu yake. Kabla ya kuchimba chochote kirefu piga simu 811 siku chache mapema. Ni bure, na watakuja kuweka alama mahali mabomba ya gesi na nyaya zinapopita.

Jambo la moto nalisema kwa uzito. Mafuta ya majani yale yanawaka. Usipande sejibrashi karibu na ukuta, dirisha au baraza la mbao. Iwe umbali wa mita 10 au zaidi kutoka nyumbani, na hasa kama unaishi kwenye vilima vya pembeni mwa mji. Panda kwa mafungu yenye uwazi kati yake, wala usipange mstari mrefu usiokatika. Chavua yake nayo husafiri kwa upepo kuanzia mwishoni mwa Agosti, hivyo mwenye pumu au mzio afikirie upepo unavuma kutoka upande gani.

Ukiwa mpangaji, pata ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi. Mitaa mingine ina chama cha wenye nyumba chenye sheria za nyasi, nazo zisome kabla hujashika koleo.

Kuondoa nyasi

Kazi hii ndiyo inayochosha, na ukiifanya nusu utajuta. Mizizi ya nyasi za uwanja haiendi chini sana. Mwagia maji siku mbili kabla, kisha kata vipande kwa koleo bapa na uvikunje kama mkeka. Ziba au ondoa vinyunyizio vyote vinavyofika eneo hilo. Kinyunyizio kimoja kilichosahaulika kinatosha kuua kila kitu.

Ukiona magugu yanayotambaa yenye maua meupe kama ya viazi vitamu, simama. Hayo ni Convolvulus arvensis, ndugu wa viazi vitamu kweli, na mizizi yake inashuka mita kadhaa. Yapalilie msimu mzima kabla ya kupanda chochote. Chitigrasi nayo ing'oe ikiwa bado kijani, kabla masuke hayajageuka zambarau, uitie kwenye mfuko na kuitupa.

Usiongeze samadi. Usiongeze mboji wala mbolea ya dukani. Najua maneno haya ni magumu kwa mtu aliyelelewa shambani. Mimi niliyasikia nikayapuuza, na nitakueleza yaliyonipata. Udongo ulionona unaifanya sejibrashi ikue haraka, laini, yenye matawi yanayopasuka theluji ya kwanza ikianguka, na magugu yanashangilia kuliko yeye.

Mche au mbegu

Mche ndio njia ya uhakika. Nunua ile midogo iliyo kwenye mirija mirefu, mzizi ukiwa umenyooka. Ile mikubwa ya kwenye ndoo inapendeza macho, lakini mara nyingi mizizi yake imejizungusha kama springi ya saa, na baada ya miaka miwili mche mdogo unaipita.

Mbegu ni za mwenye subira. Ni ndogo mno: kilo moja ina zaidi ya milioni 4. Hukomaa kati ya Oktoba na Desemba. Mwezi wa Novemba pitisha vidole kwenye suke lililogeuka kahawia, na kama vumbi lenye punje linabaki kiganjani, zimeiva. Chuma kwenye vichaka vya rafiki au kwenye ardhi uliyoruhusiwa. Kwa ardhi ya umma uliza kwanza ofisi ya eneo lako ya BLM, shirika la serikali kuu linalosimamia ardhi hiyo. Zianike kwenye gazeti ndani ya nyumba kwa wiki moja hadi mbili.

Zimwage Desemba au Januari, juu ya udongo mtupu au hata juu ya theluji. Changanya na mchanga kidogo ili mkono usizirundike mahali pamoja. Usizifukie, kwa maana zinahitaji mwanga ili ziote; zikandamize tu kwa ubao. Theluji itazibeba na kuzinywesha, na mwezi wa tatu utaona vijani viwili vidogo kuliko kichwa cha kiberiti. Vingi vitakufa, hivyo ndivyo ilivyo hata nyikani. Mbegu zilizobaki usizitunze kwa miaka, maana katika joto la nyumbani uhai wake ni mfupi.

Siku ya kupanda

Wakati bora ni Oktoba, mvua na theluji zikiwa njiani na udongo ungali na joto la kukuza mizizi. Ukikosa, panda Machi au mwanzo wa Aprili.

Chimba shimo la kina sawa na mche na upana mara mbili. Lijaze maji mara moja, yaache yanywewe. Utoe mche kwa kuugeuza, usiuvute kwa shina. Uweke ili pale shina linapokutana na mizizi pawe juu kidogo ya usawa wa ardhi, kama upana wa kidole. Rudisha udongo ule ule uliotoka, ukandamize kwa mikono, umwagie lita 4.

Juu tandaza changarawe, kina cha sentimita 3 hadi 5, ukiacha duara tupu la kiganja kimoja kuzunguka shina. Vibanzi vya mbao vya kutandazia bustani havifai hapa, kwa kuwa vinashika unyevu shingoni mwa mche. Acha pia vipande vya ardhi tupu isiyo na changarawe wala chochote. Nyuki wengi wa asili wa nchi hii hawaishi mizingani, wanachimba nyumba zao ardhini.

Nafasi kati ya mche na mche iwe mita 1 kwa wyomingensis, mita 2 kwa tridentata. Panaonekana patupu mwaka wa kwanza. Vumilia. Zungushia kila mche wavu wa waya, kwa sababu sungura na kulungu wanapenda sana kitu kipya, na uchomeke wavu sentimita chache ardhini dhidi ya panya wa shambani, ambao wakati wa theluji hutafuna gome kuzunguka shina lote hadi kichaka kikafa kikiwa kimesimama.

Maji, na hapa ndipo wengi tunapokosea

Boise hupata karibu milimita 300 za mvua na theluji kwa mwaka, kiasi kisichofikia masika moja ya Bukoba, na karibu zote huanguka kati ya vuli na mwanzo wa kiangazi. Julai na Agosti ni ukame mtupu. Sejibrashi imeumbwa kwa ratiba hiyo. Ina mizizi miepesi ya juu inayonywa theluji ikiyeyuka, na mzizi mkuu unaoshuka mita 1, 2 na zaidi kufuata unyevu wa chini. Usiku, mizizi ile ya kina huvuta maji na kuyaachia kwenye udongo mkavu wa juu, jambo ambalo watafiti James Richards na Martyn Caldwell walilionyesha mwaka 1987. Nyasi na maua ya jirani hunywa humo.

Ratiba ninayoifuata ni hii. Kiangazi cha kwanza, lita 4 kwa kila mche kila baada ya siku 10 hadi 14, kwa pole pole ili yazame. Kiangazi cha pili, mara moja kwa mwezi. Kuanzia cha tatu, funga bomba. Kama ni mwaka wa ukame wa kupita kiasi, mpe mara moja katikati ya Julai, basi.

Sasa nikueleze yaliyonipata. Nilipanda mitano. Mwezi wa saba wa mwaka wa kwanza majani makubwa ya chini yakaanza kugeuka manjano na kupukutika. Nikaona ni kiu. Nikamwagia kila jioni, na kwa kuwa nilitaka kuwasaidia zaidi nikaweka samadi ya kuku. Kufika Septemba mitatu ilikuwa kahawia tupu. Niling'oa mmoja ukatoka bila ubishi: mzizi mweusi, unateleza, unanuka kinamasi. Baadaye ndipo nilipojifunza kwamba sejibrashi ina majani ya aina mbili. Makubwa huota majira ya kuchipua na hudondoshwa kila kiangazi ili kubana maji. Madogo ndiyo yanayobaki hadi theluji. Manjano ya Julai ni afya. Kinachotakiwa kukutisha ni tawi zima kukauka likiwa na majani yake, au gome la chini kuwa laini ukilibonyeza kwa kidole gumba. Mkono ukikuwasha kuimwagia, chomeka bisibisi ndefu ardhini kwanza. Ikitoka na tope, rudi ndani.

Majirani wake

Sejibrashi pekee haitoshi kulisha ua. Ifuatane na bitabrashi, Purshia tridentata, kwa maua ya njano ya mwezi wa tano, na rabitibrashi, Ericameria nauseosa, inayochanua njano kali Septemba wakati nyuki na vipepeo hawana kwingine pa kwenda. Chini yao weka nyasi za mafungu kama Pseudoroegneria spicata na Poa secunda. Kwa maua, Balsamorhiza sagittata, Eriogonum umbellatum na penstemoni za asili. Wote hawa wanakubaliana na ratiba ile ile ya maji, nalo ndilo sharti la kwanza. Ukitaka nyanya na sukuma wiki, viwe upande mwingine wa ua wenye bomba lake.

Sahani ya maji isiyo na kina, yenye jiwe la kutulia, inavuta ndege haraka. Na paka abaki ndani.

Matunzo ya baadaye

Kupogoa ni kidogo sana. Mwanzoni mwa Machi waweza kukata masuke makavu ya mwaka uliopita, au uyaache ndege wamalize mbegu. Usikate hadi kwenye mti mkavu usio na majani, hapo hapachipui. Matawi yaliyokufa ndani ya kichaka yaache. Shomoro hutua humo, na mijusi hujificha chini.

Utaona uvimbe kwenye matawi, mwingine umefunikwa pamba nyeupe, mwingine mgumu kama punje ya kunde. Ni nyumba za vijinzi wadogo wanaoishi kwenye sejibrashi peke yake. Havidhuru. Vivyo hivyo kwa viwavi wanaosuka utando kwenye majani: mwaka mmoja wanaweza kukivua kichaka sehemu kubwa ya majani, mwaka unaofuata kikarudi. Dawa ya wadudu ukiipuliza hapa umewanyima ndege chakula cha makinda wao, na ndio uliowapandia.

Palizi ya chitigrasi haiishi. Kila Aprili pita ukipiga magoti, ng'oa kwa mkono, usitifue udongo kwa jembe kwa sababu utaamsha mbegu zilizolala.

Mwaka wa nne ndipo vichaka vyangu viwili vilivyobaki vilipotoa mbegu za kutosha. Theluji ilipoondoka nilikuta miche minne imeota yenyewe upande wa kaskazini wa kichaka kikubwa, kati ya mawe ya changarawe, kila mmoja na majani sita au saba yenye meno matatu tayari. Niliizungushia vijiti vyenye uzi mwekundu ili anayekata nyasi asiifyeke. Ukiikuta ya kwako, usiihamishe mwaka huo. Ngoja Oktoba, uchimbe kwa kina cha koleo zima pamoja na udongo wake, umpelekee jirani aliyeanza.